Mkwe Niliyemchonga Mwenyewe

Jumatatu, 4 Novemba

Jamani! Acha nikae kwanza.

Mama Dal-su, yule muuza mafuta ya ufuta wa duka la tatu kutoka langu, kaja asubuhi kununua kimchi, zile figili zangu za kuchachusha kwa pilipili. Kumbe figili ni kisingizio tu. Ana mpwa wake, daktari wa mbwa na paka, na anataka kumkutanisha na Hye-rang. Hye-rang! Binti wa Mama Hye-rang wa keki za mchele! Mtoto niliyemwekea jicho tangu anang'oka meno ya utoto, na leo ndiye anayewatengenezea watu wazima meno ya bandia. Nimemjibu Mama Dal-su kwamba ni habari njema sana. Kisha nikampimia figili pungufu.

Huyo binti ni wa mwanangu Gi-tak. Ana miaka thelathini na saba, Gi-tak. Kazi anayo, ofisi ya ramani ya wilaya. Nywele zake zote anazo. Lakini akirudi kazini, anaingia chumbani, anavaa hedifoni, anazama kwenye gemu linaloitwa Milima Tisa, basi tena. Mabinti nimemkutanisha nao wengi. Kila mara anarudi na neno lile lile: mama, moyo haukushtuka. Moyo gani huo! Anataka ushtuke kwa kikombe kimoja cha kahawa!

Nimefunga duka mapema, nimekimbia kwa Mama Hye-rang na bakuli la maharage ya soya ya kukaanga. Tumeelewana. Watoto watakutana Jumamosi ya tarehe kumi na sita, pale kwenye mkahawa wa hoteli ya stesheni. Ila Mama Dal-su naye kashapewa Jumamosi inayofuata. Sisi tuko mbele kwa wiki moja. Moyo wa Gi-tak usiposhtuka siku hiyo, Hye-rang anakwenda kwa mbwa na paka.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata wazo. Mimi mwenyewe limenishtua.

Nilimpelekea Gi-tak matufaha chumbani. Kwenye skrini kulikuwa na shujaa wa kiume mwenye kidevu cha kupendeza. Nikauliza ni nani. Akasema ni yeye. Nikacheka mpaka sahani ikayumba. Akanuna, akaeleza kwamba kwenye gemu hili kila mtu anajitengenezea uso anaoutaka, na kidevu kile kilimchukua siku nzima. Siku nzima! Kidevu chake cha kweli hakinyoi mpaka nimwambie.

Nimelala nikifikiri. Kitu ukikiona kila siku unakizoea. Ukikizoea unakipenda. Mimi nilivyompenda mume wangu ni hivyo hivyo, hapakuwa na mshtuko wowote. Sasa basi, nikiingia kwenye gemu na uso wa Hye-rang? Amwone kila jioni. Wapigane na majoka pamoja. Siku ya hoteli akimwona Hye-rang mwenyewe, moyo utaruka kama samaki kwenye kikapu! Sijui kwa nini serikali haijaniajiri.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekwenda ukumbi wa gemu, ule wa chini ya saluni. Mwenye ukumbi anaitwa Bwana Chu, mtu mzima, ana kitambi. Aliponiona mlangoni akanielekeza kwa upole kwamba bafu la umma la wanawake liko jengo la pili. Nikamwambia sijaja kuoga, nimekuja kuchonga mkwe. Alishtuka, lakini akanikalisha na kuniletea tambi za moto.

Kazi yenyewe! Kuna mistari, na kila mstari una kitone. Ukikivuta kulia, taya linapanuka. Kushoto, linakonda. Nilivuta kimoja kwa nguvu, macho yote mawili yakahamia karibu na masikio. Nilipiga ukelele. Ukumbi mzima ulivua hedifoni. Bwana Chu akaja kuyarudisha.

Baadaye mkono ulikubali. Uso wa Hye-rang naujua, nimeuona ukikua. Nyusi zake. Kile kishimo cha shavu la kulia. Niliviweka vyote. Ila pua! Pua ya Hye-rang ni nyembamba, na mimi nasoma nyuso vizuri kuliko wale wanaolipwa; pua nyembamba haishiki mali. Nimemnenepesha kidogo. Nikamwongezea na ndewe za masikio ili aishi miaka mingi. Na hapa chini ya macho nikamjaza kidogo, kwa ajili ya watoto.

Kisha Bwana Chu akaniuliza kama nataka na mwili. Kumbe na mwili! Basi nikamwekea na doa lake jeusi la mgongoni, chini ya bega la kushoto, ninalolijua tangu mama yake akimsugua bafuni akiwa mdogo. Mimi kazi nusu sifanyi.

Halafu wakamvalisha. Salale! Nguo za vita wanazowapa mabinti humo! Mgongo wote nje, kwenye baridi ya Novemba! Nilitafuta sweta kila mahali. Hakuna. Bwana Chu akasema hiyo ndiyo inayositiri kuliko zote.

Jina nalo taabu. Waridi limechukuliwa. Yungiyungi limechukuliwa. Mwezi, Theluji, Lulu, vyote vimechukuliwa. Nikaandika kile nilichokuwa nimeacha kwenye chumvi dukani. Mkwe wangu anaitwa Figili Changa.

Alhamisi, 7 Novemba

Balaa! Balaa tupu!

Nyumbani nimeaga kwamba nakwenda mazoezi ya kwaya. Mume wangu hakugeuka kutoka kwenye televisheni, na mimi sijawahi kuimba maishani. Nikampata Gi-tak kwenye kinamasi cha gemu, yeye na wenzake, wanapigana na chura mkubwa kama basi. Bwana Chu, aliyesimama nyuma yangu na sahani ya mayai, akasema chura huyo wamemwinda mwezi mzima. Mimi nikabaki pembeni, nimependeza, nikingoja aniangalie.

Chura akaanguka. Tumboni likatoka yai la dhahabu, likabingirika chini. Gi-tak akawa anaruka ruka kwa furaha na yai liko pale pale, limeachwa. Nikaliokota.

Nilikuwa nampokelea! Mimi nimeokota soksi za huyu mtoto, taulo zake, funguo zake, maisha yake yote. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikabonyeza kila kitu ili nimpe, yai halitoki. Bwana Chu akajishika kichwa, akasema likishaokotwa ni la aliyeokota, hakuna kurudisha. Gi-tak na wenzake wakanizunguka, maneno yanashuka kwenye skrini kwa kasi, mengine sijayasoma tangu mume wangu atoke jeshini. Nilishtuka, nikaandika kitu cha kwanza kilichonijia, kwa kidole kimoja: umekula?

Akaniita mwizi asiye na haya. Mimi! Mama yake!

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekwenda kuomba radhi. Bwana Chu alinifundisha kitufe cha kuinama. Nikamkuta Gi-tak amesimama peke yake katikati ya daraja la kamba, anatazama bonde. Mahali pazuri. Nikasogea taratibu na mgongo wangu wazi, nikabonyeza kuinama.

Haikuwa kuinama. Ilikuwa teke.

Alichukua muda mrefu sana kufika chini. Nilishika mdomo. Bwana Chu alikwenda kusimama nje.

Jumapili, 10 Novemba

Gi-tak kaja mezani asubuhi macho mekundu. Baba yake akauliza kulikoni. Basi akamwaga yote: kuna mwanamke mmoja kwenye gemu, kaiba yai, kamsukuma darajani, na kila akimaliza ushenzi wake anauliza watu kama wamekula. Akasema uso ule hatausahau mpaka anaingia kaburini. Akimwona mtu anayefanana naye hata barabarani, ataruka upande wa pili.

Supu ilinipalia. Mume wangu akanipiga mgongoni bila kuondoa macho kwenye samaki.

Nikakimbia kwa Bwana Chu kubadilisha uso haraka. Haiwezekani! Sheria ya gemu, uso ukishauchonga unakaa nao mwezi mzima. Na Gi-tak keshabandika picha yangu kwenye ubao wa wachezaji, kila mtu aione. Jumamosi mwanangu atamkuta Hye-rang hotelini na ataruka upande wa pili! Nimemharibia mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Nimelia kidogo nyuma ya mapipa ya chumvi.

Jumatano, 13 Novemba

Mpango mpya. Kama uso wa gemu haubadiliki, utabadilika wa Hye-rang.

Nimekwenda kwa Mama Hye-rang kununua keki. Nikatupia maneno kwa mbali. Kwamba siku hizi vijana wanapenda wasichana wenye miwani. Kwamba Gi-tak hasa, akiona miwani, anatulia. Kwamba nywele za kufunika uso mpaka machoni zinampendeza sana Hye-rang, na kitambaa cha kuziba mdomo pia, si unajua mafua ya mwezi huu. Mama Hye-rang aliacha kufunga keki. Akaniuliza kama nina jambo nataka kumwambia kuhusu uso wa mwanawe.

Nikasema hapana, uso ni mzuri, ila pua tu. Sijui kwa nini nilisema pua! Tumeagana vibaya.

Mama Dal-su alikuwa mlangoni kwake, anasikia kila kitu, anatabasamu na chupa ya mafuta mkononi.

Jumamosi, 16 Novemba

Acha niandike yote kwa mpangilio.

Saa tisa walikutana. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo ya hoteli, nimevaa kofia ya mume wangu. Hye-rang akaingia. Miwani hakuna. Nywele kazibana zote nyuma, uso wote nje, hata paji! Gi-tak akainua kichwa. Uso ukampauka. Akasimama, kiti kikaanguka, akanyoosha kidole na kupiga kelele mbele ya wazee waliokuwa wanakunywa chai yao: "Figili Changa!"

Nilitaka ardhi inimeze.

Hye-rang hakukimbia. Alikunja uso, akamwomba arudie alichosema. Gi-tak akatoa simu, akamwonyesha picha, anatetemeka, anaeleza: yai, daraja, umekula. Hye-rang akaichukua ile simu. Akaitazama karibu. Akaivuta picha kwa vidole, ikawa kubwa. Akaangalia ya mbele, kisha ya mgongoni. Hapo rangi ikambadilika na yeye.

Kisha akakaa. Nilisogea mpaka nguzo ikaisha ili nisikie. Alisema kwamba si yeye, kwamba maisha yake hajacheza gemu hata moja, na kwamba kuna mtu kamwibia uso wake. Akasema hivi, neno kwa neno: "Nifundishe kucheza. Huyu mwizi tutamtafuta mimi na wewe."

Walikaa mpaka taa za stesheni zikawaka. Gi-tak alikuwa anachora ramani ya kinamasi kwenye leso ya karatasi. Amerudi nyumbani akiimba. Nikamuuliza vipi, kwa sauti ya mtu asiyejua kitu. Akasema moyo ulishtuka, mama. Ulishtuka sana.

Jumatatu, 18 Novemba

Wameniua.

Nilikwenda kuchungulia tu. Walikuwa langoni kwa mji, wawili, Gi-tak na kidevu chake, na pembeni yake askari mdogo mpya asiyejua hata kutembea, anagonga ukuta. Ndiye Hye-rang. Waliponiona walipiga kelele pamoja. Askari mdogo akanikimbilia na jembe. Jembe! Nilikufa kando ya kisima.

Bwana Chu akanipa pole na soseji. Mimi nilikuwa nasoma kitu kingine. Gi-tak alikuwa anamwandikia Hye-rang kwamba amefanya vizuri sana, kwamba hajaona mtu anayejifunza haraka hivyo. Gi-tak! Asiyenisifu hata kimchi yangu!

Jumatano, 20 Novemba

Jana nimekufa, leo nimekufa. Mara ya leo walinitega, Hye-rang alijificha juu ya mti. Wanacheka. Nawaona wanacheka kwa maandishi, halafu wanapigiana simu, na Gi-tak chumbani anacheka kwa sauti mpaka baba yake anauliza nani kaja. Amekata nywele. Amenunua shati. Leo asubuhi ameosha sahani.

Nimeelewa sasa, na nimeshtuka kuelewa: bila mimi hawana la kufanya. Wanakutana kwa sababu yangu, wanaongea kwa sababu yangu. Nikiacha kwenda kuuawa, watabaki na ukimya ule wa mkahawani niliouona kwa mabinti wote waliotangulia. Na Jumamosi mpwa wa Mama Dal-su anangoja na mbwa wake. Basi nitakufa. Mama gani asiyekufa kidogo kwa ajili ya mwanawe? Nimemwambia Bwana Chu kiti changu asimpe mtu.

Alhamisi, 21 Novemba

Mama Dal-su! Mwanamke yule!

Kanifuata mpaka ngazi za ukumbi, kisha akazunguka soko lote kutangaza kwamba Mama Gi-tak amekuwa mcheza kamari. Muuza dagaa kaniuliza kwa huruma kama nahitaji kuzungumza na mchungaji. Nimefika nyumbani, mume wangu kazima televisheni. Televisheni! Nilijua ni makubwa. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema siyo kamari, nakwenda kuuawa na watoto. Akanitazama, akasema afadhali ingekuwa kamari, akaiwasha tena.

Nimechelewa kufika ukumbini. Walikuwa wananingoja. Hye-rang akanichoma mkuki mara moja tu, safi kabisa. Amekuwa hodari, na nilijisikia fahari.

Ijumaa, 22 Novemba

Nilikwenda bafuni jioni, kuoga kweli safari hii. Nimekaa kwenye kigoda, nimejaa povu, mtu akaja nyuma yangu akanisalimu kwa adabu na kuomba anisugue mgongo. Hye-rang. Nikasema asante mwanangu. Mkwe wangu anisugue mgongo! Nilifumba macho kwa raha.

Akaanza. Akasugua kwa nguvu. Akazidisha. Kisha akaniinamia sikioni.

"Mama," akasema, "doa la mgongoni kwangu wanalijua wanawake wa bafu hili tu. Mama yangu hajui hata kuwasha kompyuta. Mama Dal-su angenichonga, angeniweka na mbwa pembeni. Nani tena mtaani hapa anamuuliza kila mtu kama amekula?"

Nilikufa pale pale, na safari hii bila mkuki. Maji yalikuwa ya moto, mimi nikahisi baridi. Nikajaribu kusema kwamba kuna madoa mengi duniani. Akanisugua tena, nikakiri.

Akaniuliza na kuhusu pua. Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya mali. Akauliza ndewe. Nikasema miaka mingi. Hakucheka, ila mkono ulilegea kidogo. Akaniambia kwamba tangu siku ya hoteli alijua, alipoliona doa kwenye simu. Alikasirika, alitaka kuja dukani kwangu kupindua mapipa. Ila Gi-tak alikuwa anamchorea ramani, na ulimi umetoka nje kidogo kwa kujitahidi, akaamua kungoja.

Halafu akanitajia sharti, na sauti yake ikawa ya mtu anayeogopa. Kesho, Figili asionekane. Mchana atakwenda kumwona yule daktari wa mbwa, kwa heshima ya wakubwa. Saa moja jioni atakuwa nyumbani na simu mkononi. "Nataka kujua ananitafuta mimi au anatafuta mwizi wake. Akimtafuta mwizi, nitakubali kuonana na daktari mara ya pili."

Nimeapa. Nikamsugua na yeye mgongo. Doa lipo, mahali pale pale nilipoliweka, sikukosea hata kidogo.

Jumamosi, 23 Novemba

Sijakwenda. Naandika ili ijulikane kwamba sijakwenda.

Saa moja jioni nilikuwa jikoni natia chumvi kabichi za kimchi ya msimu wa baridi. Mlango wa Gi-tak ulikuwa wazi kidogo. Nilisikia vitufe. Nikasikia anasema peke yake kwamba leo hayupo. Vitufe tena. Hayupo kisimani. Hayupo darajani. Nikatia chumvi kabichi moja mara tatu. Moyoni nilikuwa namwambia, acha kunitafuta, mpumbavu wewe, mimi niko hapa jikoni, chukua simu!

Vitufe vikakoma. Nilifikiri kalala. Nilifikiri imekwisha, na nilitamani nikimbie mpaka ukumbini bila viatu, nijitokeze, waniue, kila kitu kirudi kama jana.

Akatoka. Akasimama mlangoni mwa jikoni, mikono haijui pa kukaa, mtu mzima na ndevu zake. Akasema mwizi leo hakuja. Akasema anataka kumpigia Hye-rang, ila kama hakuna mwizi, hajui atamwambia nini. Aliniuliza mimi. Mama, mtu unamwambia nini?

Mimi! Mwenye mpango kwa kila jambo! Nilifungua mdomo, hakuna hata mpango mmoja. Nikasema tu amuulize kama amekula.

Akapiga pale pale, mbele yangu. Akauliza. Akasikiliza. Akasema na yeye bado hajala, na kwamba anajua mahali wanapochoma samaki mkunga vizuri, na kwamba kusema kweli hakuwa na habari yoyote ya mwizi, alitaka tu kuisikia sauti yake. Halafu akavaa koti, akakosea mikono, akatoka.

Nimekaa sakafuni katikati ya kabichi na nimelia mpaka mume wangu akaja. Akachukua chumvi, akaendelea pale nilipoishia.

Jumanne, 26 Novemba

Mama Dal-su hanisalimii. Mpwa wake aliambiwa asante, basi. Leo nimempelekea kimchi ya figili, na nimepima zaidi. Kaikataa. Baadaye kamtuma mtu kuichukua.

Jumamosi, 30 Novemba

Hye-rang kaja kusaidia kimchi ya msimu! Nyumbani kwangu! Kavaa glavu za mpira, kakaa kati yangu na Gi-tak, anapaka pilipili kila jani la kabichi, hapiti hata moja. Ile mikono ya kutengeneza meno! Kila Gi-tak akigeuka, binti ananikanyaga mguu ili ninyamaze. Kabla ya kuondoka aliniambia jikoni, kwa heshima zote, kwamba Figili nimfute, kila jambo lijiendee lenyewe sasa, na nisichonge tena uso wa mtu yeyote aliye hai.

Nimeahidi kwa moyo wangu wote. Figili nimemfuta jioni hiyo hiyo. Bwana Chu alivua kofia.

Jumapili, 1 Desemba

Hye-rang alisema uso wa mtu aliye hai. Nimelifikiria neno hilo usiku kucha. Ni binti mwenye akili, hatupi maneno ovyo. Kwa hiyo mtu ambaye bado hajazaliwa hakukatazwa.

Asubuhi nimekwenda kwa mzee anayetoa majina ya watoto, nimepata jina lenye bahati, la kiume. Mchana nilikuwa kwa Bwana Chu. Masikio ya Gi-tak. Kidevu cha Hye-rang. Kishimo cha shavu. Pua, hapo nilijitwalia uhuru wangu. Kama hawana haraka ya mtoto, ni kwa sababu hawajamwona! Wakimwona kila siku watamzoea.

Tatizo ni kimo. Gemu halikubali watoto. Wafupi kuliko wote ni wachimba madini, na wote wana ndevu. Nilivuta kitone cha ndevu mpaka mwisho wa mstari, zikabaki chache kwenye kidevu, haziondoki ng'o. Mjukuu wangu ana ndevu. Sijali. Anapendeza mno.

Nikamsimamisha langoni kwa mji. Saa moja wakaja, wanatembea pamoja, siku hizi wanaingia kutembea tu. Gi-tak akanipita. Hye-rang akasimama. Akanizunguka. Akatazama masikio. Akatazama kidevu, muda mrefu. Nilibana pumzi. Akaandika mstari mmoja, nimeunakili hapa kama ulivyo:

"Mama. Bado."

Bado! Bwana Chu ni shahidi, ameusoma kwa macho yake. Hakuandika hapana. Ameandika bado!

Kesho naanza wa kike.